Uwanja wa voliboli kabla ya michezo ya kanda

Voliboli ya shule huku magharibi mwa Kenya huchezwa muhula wa pili, mvua ya alasiri bado ipo, na mara nyingi ni juu ya nyasi. Kamati huhangaikia jezi na chakula, uwanja ukachorwa asubuhi ya mechi. Makosa huanzia hapo.

Anza na pembe. Unaweza kupima mita 18 kwa 9 barabara na bado uwanja ukawa umepinda. Vuta utepe kutoka kona hadi kona: ulalo wote wawili usome mita 20.12. Ukipishana, sogeza vigingi. Mistari ya sentimita 5 ichorwe kwa rangi ya maji. Chokaa ikilowa huunguza ngozi, na libero, yaani mchezaji maalumu wa ulinzi, kazi yake ni kupiga mbizi.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye nguzo. Udongo mweusi wa Kano, uwanda ulio karibu na Kisumu, ukinywa maji hulainika, waya unaoshikilia wavu ukikazwa nguzo zinainamiana, wavu unazama katikati. Mtu anakaza tena, nguzo zinazidi kuinama! Kuzifunga kwa kamba za pembeni sheria haikubali, na anayekimbilia mpira atajikwaa. Chimba karibu mita moja, simamisha bomba la nguzo, mwaga zege, uliache wiki nzima kabla ya kukaza waya. Nguzo ikae nusu mita hadi mita moja nje ya mstari wa pembeni.

Wavu hupimwa kwanza katikati: mita 2.43 wanaume, 2.24 wanawake. Juu ya mistari ya pembeni pande mbili zilingane, zisizidi kimo hicho kwa zaidi ya sentimita 2. Zikizidi, waya umelegea. Wavulana na wasichana wakipokezana uwanja mmoja, pima upya kila mara, na utazame antena, vile vijiti vilivyofungwa kwenye wavu juu ya mistari ya pembeni: sentimita 80 zitokeze juu ya wavu.

Mipira nayo ipimwe pale pale mnapochezea. Uliojazwa Kisumu, kama mita 1,130 juu ya bahari, ukifika Nakuru kwenye mita 1,850 hukaza, kwa sababu hewa ya nje imepungua. Kipimo cha shinikizo la ndani ni kilo 0.30 hadi 0.325 kwa sentimita ya mraba, nafasi finyu mno. Mpira uliokaza humruka mpokeaji mikononi, naye hulaumiwa bure.

Kisumu kuna jambo la ziada: mchana upepo wa ziwa huingia na kuyumbisha sevu za kuelea, zile zinazopigwa mpira usizunguke. Kwenye uwanja wa wazi, nusu fainali zipangwe asubuhi.