Kundi la kozi huanzia kidato cha pili

Dirisha la mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, wanafunzi wangu waliomaliza kidato cha sita hurudi shuleni na bahasha zao: vyeti vya kuzaliwa vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, fomu zenye muhuri wa serikali ya mtaa. Swali lao kubwa ni moja: "Mwalimu, kozi hii ina mkopo?"

Wana sababu ya kuuliza. Bodi ya Mikopo (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya 2004, kwa miaka kadhaa ilizipanga kozi za digrii katika makundi matatu ya kipaumbele. La kwanza lilikuwa na udaktari, uhandisi, ualimu wa sayansi na hisabati. Biashara, sheria, lugha na sayansi ya jamii zikawa la tatu. Mikopo ya stashahada ilipoanza 2023/24, nayo ikaenda kwa fani zilizochaguliwa: afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo.

Kupanga kozi sikupingi. Walimu wa Fizikia ni adimu, na fedha za umma lazima zielekezwe penye pengo. Ila ukitazama kozi peke yake, unaona kama vile kijana alisimama njia panda akachagua.

Nina binti niliyemfundisha HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), yatima, kichwa chake chepesi kuliko wengi niliowahi kufundisha. Matokeo yake ya kidato cha nne hayana Fizikia wala Kemia. Nimefika shule ya kata aliyosoma. Maabara ipo, imejengwa kwa ile michango ya wananchi ya 2014. Meza za zege zina masinki, mabomba hayakufika, na chumba kimoja kinatunza mahindi ya chakula cha mchana. Mwalimu wa Fizikia alihama wakiwa kidato cha pili, basi darasa zima likaangukia masomo ya sanaa. Huyu kundi lake lilipangwa siku ile, kabla hajajua hata neno tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita.

Kipaumbele cha kozi kibaki, lakini kipimwe pamoja na shule alikotoka mwombaji. Taarifa hazihitaji fomu mpya. Baraza la Mitihani (NECTA) linajua kila kituo cha mtihani kilisajili watahiniwa wangapi wa Fizikia. Kituo kikiwa hakina hata mmoja, mwombaji aliyetoka hapo na hali yake ni duni asiwekwe nyuma kwa sababu ya jina la kozi. Hilo nitaliandikia Bodi, na walimu wenzangu wa kidato cha tano na sita nawaomba tuandike pamoja.