Begi la vifaa vya darubini: sponji ya godoro ndo imeniokoa

Jamani hili la begi limenitesa mno. Lenzi zangu za kuchungulia kwenye darubini, ya mm 25, ya mm 10 na Barlow ya 2x (ile ya kuongeza ukuzaji mara mbili), nilikuwa nazibeba kwenye begi la laptop, sasa bodaboda ikipita matuta unasikia kabisa chuma kinagonga chuma huko ndani, siku moja nafika shamba nataka kuangalia sayari ya Zohali nakuta ukingo wa Barlow umekwaruza kioo cha ile ya mm 10. Iliniuma sana.

Nikaingia mtumbani nikapata begi la kamera, gumu, zipu nzima. Msichukue kubwa kupita kiasi, vitu vitacheza. Vigawanyio vyake vilikuwa vipana so nikanunua kipande cha sponji ya godoro ile ngumu, nikasimamisha kila lenzi juu yake nikaizungushia kalamu, halafu nikakata mm 2 ndani ya mstari, lenzi inaingia kwa kubanwa na haitikisiki hata kidogo.

Pembeni nimeweka vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, vya kwenye maboksi ya viatu. Ila lenzi ikilowa umande usiifungie humo, iache ikauke kwanza maana fangasi inakula kioo. Tochi ya mwanga mwekundu nimeiweka mfuko wa nje, napapasa tu gizani naipata.