Kadi ya benki: kwa nini niliikataa, na ninavyoitumia sasa

Baba yangu alistaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka 2014. Pensheni ikawa inaingia benki kila mwezi, na benki ikampa kadi ya ATM. Kufikia mwaka 2016 kadi hiyo haikuwa tena mfukoni mwake. Ilikuwa kwenye droo ya mkopeshaji mmoja huko Mbagala, imefungwa kwa rababendi pamoja na kadi za watu wengine, kila moja na kikaratasi chake chenye namba ya siri.

Mimi sikujua lolote. Kilichonishtua ni Baba kuanza kuomba nauli. Mtu aliyetusomesha watoto wanne kwa mshahara wa ualimu, anaomba nauli ya kwenda Hospitali ya Temeke, tena siku zilezile ambazo pensheni inaingia! Nilipombana alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, kadi ninayo, ila haipo hapa."

Alikuwa amekopa laki tano mama alipougua. Masharti yalikuwa mepesi kuyasikia: mkopeshaji anakaa na kadi pamoja na namba ya siri, pensheni ikiingia anatangulia yeye kwenye mashine, anatoa, anakata chake, Baba anapewa kinachobaki. Miezi 11 ilikuwa imepita na deni lilikuwa palepale laki tano, kwa sababu kilichokuwa kikikatwa muda wote huo ni riba tu. Aliyekulia nyumba ya mwalimu atakuwa anaujua mtindo huu. Magazeti yameuandika mara nyingi, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, imewahi kuwasaidia wastaafu kurudishiwa hela zilizochukuliwa hivyo.

Tulikwenda benki mimi na yeye. Dada wa huduma kwa wateja alimwamkia, kisha akamuuliza kama kadi anayo.

"Anayo mtu," Baba akajibu, macho chini.

"Mzee wangu, na namba ya siri anayo?"

"Anayo."

Yule dada hakumgombeza, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alimwambia, "Namba yako hata mimi ninayekaa hapa siruhusiwi kuijua. Ngoja tuifunge hiyo kadi, tukutengenezee nyingine." Akabonyeza kompyuta yake dakika chache, akasema kadi iliyoko Mbagala imeshakuwa plastiki tu. Akaunti ilibaki ileile, namba ya akaunti ileile, na pensheni haikuguswa. Nilikuwa nimeingia pale nikidhani tutahitaji kuhamisha pensheni nzima, jambo la miezi na barua. Kumbe hela haikai ndani ya kadi. Inakaa kwenye hesabu za benki, na kadi ni ufunguo mmoja tu unaoweza kubatilishwa wakati wowote mwenye akaunti akitaka.

Deni hatukulikimbia. Tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, tukaandikishiana mbele ya mwenyekiti, tukalilipa kwa awamu nne, basi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, inayowataka wakopeshaji wa aina hiyo wawe na leseni, ilikuja baadaye, mwaka 2018.

Baada ya hapo nilichukia kadi. Nilipofungua akaunti ya biashara yangu ya vitambaa Kariakoo, nilipoulizwa kama nataka kadi nilikataa. Kutoa hela nilipanga foleni dirishani. Nyingine niliiweka kwenye simu, na nyingine, naisema wazi, niliificha dukani chini ya majora ya kitenge.

Kisha ukaja Julai 2021. Usiku wa tarehe 10 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Duka letu lilikuwa mtaa mwingine na halikuguswa, lakini usiku ule nilikaa kitandani Tandika nikiwaza hela iliyo chini ya yale majora, na wenzangu ambao pengine na wao waliweka hivyo hivyo. Siku tano baadaye zikaanza tozo za miamala ya simu, na kila nikituma au kutoa niliona makato yamenenepa. Mwaka uliofuata tozo zikagusa na benki, ila mwezi ule mimi nilichokiona ni kwamba chini ya jora kuna moto na kwenye simu kuna makato. Agosti nikaenda kuomba kadi. Safari hii nilikwenda na daftari la maswali, na mengi kati yake yalikuwa ya Baba.

La kwanza la Baba lilikuwa hili: "Ukichanja dukani, si unakopa?" Aliogopa hivyo kwa sababu alishaona kwenye filamu Wamarekani wanaozama kwenye madeni ya kadi. Jibu ni kwamba kadi hizo ni mbili tofauti, ingawa kwa macho zinafanana. Kadi ya mkopo inatumia hela ya benki, na wewe unalipa baadaye, ukichelewa na riba. Kadi ninayoizungumzia mimi, ambayo usoni imeandikwa debit, inachukua hela yako mwenyewe iliyopo kwenye akaunti. Ikiwa hamna kitu, mashine inakataa na mambo yanaishia hapo.

Lakini ubora huo una upande wake wa pili, na huu hakuna aliyenieleza mpaka nilipouliza. Mwizi akitumia kadi ya mkopo, kilichoibwa kwanza ni hela ya benki, na mnabishana wewe hujatoa kitu. Akitumia hii ya kwangu, hela ya kodi ya nyumba imeshaondoka, na wakati tunabishana mwenye nyumba anasubiri. Kwa hiyo swali kubwa kwangu likawa ni kiasi gani kikae kwenye akaunti ambayo kadi inaifikia.

Nilimuuliza pia yule kijana aliyenihudumia kinachotokea nikichomeka kadi dukani. Alinieleza vizuri. Mashine ya POS, ile ndogo ya kulipia dukani kwa kadi, inapeleka ujumbe kwenye benki ya mwenye duka. Benki hiyo inaupitisha kwenye mtandao wa kadi, Visa au Mastercard kutegemea kadi yako, na mtandao unaufikisha kwenye benki yangu kuuliza: kadi ni halali? namba ya siri ni sahihi? salio linatosha? Jibu linarudi njia ileile, na yote ni sekunde chache. Hapo benki inazuia kiasi kile kwenye salio langu, lakini hela yenyewe inahamia kwa mwenye duka baadaye, mabenki yanapofunga hesabu. Ndiyo maana unaweza kukuta salio mbili, moja la jumla na moja unaloweza kulitumia. Na mwenye duka ndiye anayekatwa asilimia kidogo kwa kila mauzo. Nilipojua hilo nikaelewa kwa nini baadhi ya wenzangu Kariakoo wanasema mashine ni mbovu mteja akitoa kadi.

Kingine ni kile kidude cha dhahabu usoni mwa kadi, chipu. Kila unapolipa inatengeneza alama mpya inayotumika mara moja tu, kwa hiyo anayeinasa hawezi kuirudia. Ule mstari mweusi wa nyuma una taarifa zilezile siku zote, na ndio wezi wanaonakili. Tangu siku hiyo nachomeka au nagusisha mwenyewe. Kadi haiondoki mkononi mwangu kwenda nyuma ya kaunta, hata muuzaji akiwa mpole namna gani.

Miezi mitatu ya kwanza ilikwenda vizuri. Mashine ninayoitumia hutoa noti 40 kwa mara moja, yaani laki nne za noti za elfu kumi, na nilijifunza kutumia ATM za benki yangu tu, maana ukienda ya benki nyingine makato yanapanda.

Halafu Ijumaa moja jioni, Mtaa wa Msimbazi, niliomba laki tatu. Mashine ikahesabu, nikaisikia kwa masikio yangu, kisha skrini ikazima. Kadi ilirudi. Hela haikutoka. Simu ikaita: ujumbe kwamba laki tatu zimetolewa.

Miguu iliniisha nguvu. Jumamosi nilitakiwa kulipa mzigo. Nyuma yangu alikuwepo kijana aliyesogea karibu sana: "Dada, hiyo huwa inafanya hivyo. Ingiza tena kadi, nitajie namba nikubonyezee." Sijui alikuwa mwema au la. Nilikumbuka vikaratasi vya Mbagala, nikaifumbata kadi yangu, nikatoka. Nilipiga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi nikiwa bado mlangoni, nikaripoti saa, mahali na kiasi. Skrini nilishaipiga picha, na ujumbe sikuufuta.

Jumatatu nilijaza fomu tawini. Dada aliyeipokea alinipa maelezo yaliyonituliza kuliko pole zote: mashine inaweka kumbukumbu ya kila muamala, na ina masanduku ya noti ambayo hesabu yake inafungwa. Kama laki tatu hazikutoka, zitaonekana zimezidi ndani. "Zikizidi, mama, haziwezi kuwa za mtu mwingine." Siku ya tisa zilirudi. Ilikuwa siku tisa za mateso, na mzigo nililipa kwa kukopa kwenye kikoba chetu. Kama zisingerudi, hatua inayofuata ilikuwa malalamiko ya maandishi kwa benki yenyewe, na wakinizungusha, Benki Kuu ya Tanzania, ambayo inapokea malalamiko ya wateja ikiwa umeshaanza na benki yako na una ushahidi wa kuanza huko.

Tukio hilo lilinifanya nigawanye akaunti. Ya duka haina kadi kabisa. Ya pili ina kadi, na kila Jumatatu nahamishia humo laki moja na nusu kwa simu: chakula, nauli, dawa za mama, dharura. Mtu akiniibia kadi na namba siku mbaya kuliko zote, ataondoka na hiyo.

Uamuzi huo uliniokoa mapema kuliko nilivyotarajia. Nilijiunga na programu moja ya kuchora nakshi za kudarizi, jaribio la bure la siku 7. Waliomba namba ya kadi, tarehe ya kuisha, na zile tarakimu 3 za nyuma. Benki ikanitumia namba ya mara moja kwa ujumbe, nikaingiza, nikafurahi. Siku 7 zikapita, nikasahau. Mwezi ukakatwa, wa pili ukakatwa, kwa dola, na benki inabadilisha kwa bei yake ya siku hiyo. Safari hii hapakuwa na mwizi, maana ruhusa niliitoa mwenyewe nilipoandika zile namba, na ruhusa hiyo inaendelea mpaka niifute kulekule nilikojiunga. Mwezi wa tatu akaunti ilikuwa na elfu nane tu, malipo yakakataliwa, nikashtuka na kwenda kufuta. Sasa malipo ya mtandaoni nimeyazima kwenye programu ya benki. Nayawasha ninapolipa, nikimaliza nazima.

Wenzangu dukani huniuliza kama wachukue kadi. Simjibu kila mtu sawasawa. Anayeuza na kununua kwa simu tu, ambaye wakala yuko mlangoni kwake, sioni anachokikosa, na ada ya kadi ya mwaka ataibakiza. Anayebeba mauzo ya siku kwenye daladala kwenda Gongo la Mboto, au mwenye mgonjwa ndani anayeweza kuhitaji hela saa nane usiku wakati mawakala wamefunga, namwambia aende kesho asubuhi. Na mwenye mazoea ya kumtuma mtoto au bodaboda na kadi yake pamoja na namba, huyo namwomba kwanza aache kutuma.

Baba ana kadi yake ya tatu sasa, maana hizi huisha muda na hubadilishwa. Mwisho wa mwezi uliopita nilimsindikiza ATM ya Mtoni. Anasoma kwa shida siku hizi, miwani haimsaidii sana, nikataka kuingia naye.

"Baba, ngoja nikusomee skrini."

"Kaa hapo nje," akasema.

Nikakaa nje. Nilimwona kwenye kioo, mkono wa kushoto umeziba kibao, wa kulia unabonyeza polepole. Alitoka na hela ameshazihesabu, akanipa elfu mbili ya nauli.