Eti Methodisti imeshafika kwenu?

Jumapili iliyopita, tukinywa chai baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa letu hapa Lincolnshire, Uingereza, aliniuliza, tena kwa upole kabisa, kama Methodisti imeshafika kwetu Afrika. Imeshafika! Mimi mtoto wa Ribe, pwani ya Kenya, niliyebatizwa Ribe, na bibi yangu kazikwa Ribe! Nilitabasamu nikamalizia biskuti yangu, lakini njia nzima nachemka.

Basi niyamwage hapa. Thomas Wakefield, mmisionari Mmethodisti kutoka Derby huku Uingereza, alifika pwani yetu 1862 pamoja na mmisionari Krapf yule yule wa Rabai, wakaenda Ribe. Mwenzake Charles New akaja mwaka uliofuata, na 1871 akapanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji. Pwani haikuwahurumia. Rebecca, mkewe Wakefield, alifariki Ribe 1873. New naye akafa 1875 akirudi kutoka Uchagani. Kule Golbanti kwenye mto Tana, mmisionari Houghton na mkewe waliuawa katika uvamizi wa 1886. Safari zao zilitegemea michango ya makanisa ya huku, mengi yao madogo kama hili. Leo wenyewe wamesahau, sisi ndio tunaojua makaburi yao yako wapi.

Epworth, alikozaliwa John Wesley, mwanzilishi wa Methodisti, 1703, iko humu humu Lincolnshire. Nimefika. Nyumba ya baba yake iliungua 1709 naye akaokolewa dirishani, mtoto wa miaka mitano. Aliporudi mjini 1742, kasisi akamnyima mimbari, akaenda akasimama juu ya kaburi la babake nje pale, akahubiri jioni kadhaa. Lakini mimi shujaa wangu ni Alexander Kilham, naye wa Epworth. Alidai washirika wa kawaida wawe na sauti katika kuendesha kanisa, wakamfukuza 1796. Mwaka uliofuata akaanzisha lake. Mwaka 1907 kanisa hilo likaungana na lile lililomtuma Wakefield, na muungano huo ndio ulioanza kazi Meru 1912. Kwa hiyo tumetokana na wakaidi. Inaeleza mengi kuhusu vikao vyetu.

Hali ya sasa? Ibada saa moja tu, muda ambao kwetu bado tuko kwenye matangazo. Waimbaji ni umri wa bibi zangu. Askofu hawana, na kikao kizima huishia kwenye bili ya kupasha joto jengo. Harambee ukiitaja wanatazama viatu.

Ila nikiwa mgeni, na jaketi langu la mtumba la soko la Kongowea, Mombasa, mama mmoja alinivisha koti zito mlangoni bila hata kuniuliza jina. Lile kapu la vyakula vya wenye shida nalo halikauki, na hakuna anayesimama madhabahuni kutangaza nani katoa nini.

Mnaoniandikia pembeni kuhusu kazi ya kutunza wazee: mlango wa kuajiriwa ukiwa nje ya Uingereza ulifungwa Julai 2025. Wakala anayekuapia nafasi bado zipo anataka shamba la babako. Ukija kwa njia nyingine halali, beba barua ya mchungaji wako na nguo za ndani za baridi.

Sasa wananiomba niongoze sifa mwezi ujao. Nimekubali, mradi nipige kayamba. Wamesema watalijadili kikaoni.