Nyimbo za picha za Kihindi za zamani: sikiliza pale mwimbaji anaponyamaza

Mtu akikwambia anapenda nyimbo za Kihindi za zamani, muulize hivi: Lata Mangeshkar, yule mwimbaji mashuhuri wa picha za Kihindi, akimaliza ubeti wa kwanza, kabla hajaingia wa pili, kinalia nini? Wengi watakosa jibu. Sikio limeifuata sauti ya mwimbaji, na sauti ilipokoma nalo likapumzika. Basi nusu ya wimbo imepita bila kusikilizwa, na mara nyingi ndiyo nusu iliyofanyiwa kazi kubwa zaidi.

Umbo lenyewe ni jepesi kulishika. Wimbo wa kawaida wa miaka ya 1950 na 1960 una mukhda na antara. Mukhda ni mstari au mistari miwili ya kichwa cha wimbo, inayorudiwa; kwa aliyelelewa na mashairi yetu ni kama kibwagizo, ila huku kibwagizo kinatangulia. Antara ni ubeti, na kwa kawaida ziko mbili au tatu. Mwanzoni kuna utangulizi wa ala, na kabla ya kila antara kuna kipande cha ala peke yake. Watungaji wazuri hawakurudia kipande kimoja mara mbili: cha kwanza utasikia fidla nyingi kwa pamoja, cha pili filimbi moja au sitar. Yote hayo yaliingizwa ndani ya dakika tatu na sekunde ishirini hivi, kwa kuwa upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulikuwa hauchukui zaidi ya hapo. Ndiyo maana kipande cha sekunde kumi na tano kimejaa kuliko wimbo mzima wa siku hizi.

Vipande hivyo vina wenyewe. Mtunzi wa mahadhi alikuja na wimbo wake kwenye harmonium, kile kinanda cha kuvuta upepo kwa mkono. Aliyeugawa kwa ala arobaini au hamsini na kuziandikia nota alikuwa mpangaji, na wapangaji wengi wa Bombay walikuwa Wagoa waliojifunza muziki wa kuandika kanisani tangu utotoni. Sebastian D'Souza alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi na Shankar-Jaikishan, watunzi wawili waliofanya kazi pamoja. Anthony Gonsalves ndiye aliyemfundisha fidla Pyarelal, yule wa watunzi wawili Laxmikant-Pyarelal, na picha ya mwaka 1977 yenye mhusika wa jina hilo ilimtaja kwa heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Majina yao hayakuandikwa kwenye santuri. Ukitaka kuwasikia, chukua wimbo wowote wa Shankar-Jaikishan wa miaka ya 1950, usimsikilize mwimbaji kabisa, fuata fidla zinazopita nyuma yake wakati wa antara. Zina njia yao: yeye akipanda zinashuka, akivuta pumzi zinajaza. Rudia mara mbili, kisha mrudishie mwimbaji sikio lako, utaona sauti imekaa juu ya kitu.

Kumbuka pia kwamba mwimbaji na wapigaji walirekodi pamoja, chumba kimoja, kwa wakati mmoja. Mpiga fidla wa safu ya nyuma akikosea, wote wanaanza upya. Hakukuwa na kurekebisha baadaye. Ule msisimko unaousikia ni wa watu hamsini wasiotaka kukosea.

Wakati mwingine masikio yanadanganywa kwa ustadi. Zumari ya nyoka iliyovuma kwenye picha ya *Nagin* ya mwaka 1954, muziki wa Hemant Kumar, si zumari. Ni clavioline, kinanda kidogo cha umeme, alichopiga Kalyanji kabla hajawa mtunzi mashuhuri pamoja na nduguye Anandji, na chini yake harmonium ya Ravi. Sikiliza jinsi noti zinavyoungana bila pumzi. Mpuliza zumari ya nyoka wa kweli naye huficha pumzi kwa kuizungusha mashavuni, ndiyo maana masikio yanadanganyika.

Tuje kwenye mapigo. Usianze na majina ya raga, yaani ngazi za noti ambazo mahadhi hujengwa juu yake; anza na kidole mezani. Nyimbo nyingi mno ziko kwenye Kaharwa, mapigo 8, ambayo mpiga tabla huyataja kwa mdomo hivi: dha ge na ti, na ka dhi na. Tabla ni ngoma mbili. Ya kulia ndogo na kali, ya kushoto ina besi. Kwenye Kaharwa ya kawaida besi inakauka kuanzia pigo la 3 na kurudi pigo la 7, na ule ukavu wa katikati ndio unaoufanya mdundo uonekane unatembea. *Awaara Hoon* ya mwaka 1951 na *Mera Joota Hai Japani* ya 1955 utazihesabu hivyo bila taabu. Dadra ni mapigo 6, tatu na tatu, kama kubembeleza mtoto: jaribu *Suhana Safar* ya Mukesh kutoka *Madhumati*, 1958, mahadhi ya Salil Chowdhury.

Rupak ndiyo inayowaangusha watu. Ni mapigo 7, yaani 3, 2, 2: tin tin na, dhi na, dhi na. Sikio linalotaka 8 litaongeza pigo mwishoni, na kufikia mstari wa pili uko nje kabisa. Dawa yake ni kuhesabu kwa vidole vya mikono miwili, vitatu mkono wa kushoto, kisha viwili na viwili mkono wa kulia. Tena usisubiri besi kwenye pigo la kwanza, kwa kuwa Rupak huanza na pigo tupu, besi inakuja la 4. Wimbo wa kujifunzia ni *Aap Ki Nazron Ne Samjha* wa *Anpadh*, 1962, muziki wa Madan Mohan. Unaenda polepole na tabla inasikika wazi.

Kwa raga, moja inatosha kwa kuanzia. *Man Tarpat Hari Darshan*, aliyoiimba Mohammed Rafi kwenye *Baiju Bawra* ya 1952, iko kwenye Malkauns, raga ya noti tano: haina re wala pa, yaani noti ya pili na ya tano. Ukiwa na kinanda chochote, hata cha mtoto, tafuta funguo nyeusi. Zimekaa makundi ya mbili na ya tatu. Shika ufunguo wa mwisho kulia katika kundi la tatu, ufanye huo ndio nyumbani, kisha panda kwa funguo nyeusi tu mpaka uufikie wa jina lake. Umepiga ngazi ya Malkauns. Hama sasa, fanya nyumbani ufunguo wa kwanza wa kundi lilelile, panda tena kwa nyeusi tupu: umetoka Malkauns umeingia Bhupali, na uzito wote umeondoka. Funguo ni zilezile tano, kilichohama ni nyumbani tu. Nani aliutunga wimbo ule wa kumsifu Hari, mungu wa Wahindu? Mahadhi ya Naushad, maneno ya Shakeel Badayuni, sauti ya Rafi, wote watatu Waislamu. Hilo linastahili kukumbukwa kila unaposikilizwa.

Maneno nayo yasimtishe Mswahili. Tuna mlango wa uani ambao wasikilizaji wengi duniani hawana, kwa sababu washairi wa Bombay waliandika kwa Kiurdu kilichojaa Kiarabu na Kiajemi, na sisi pia tumechota huko. Duniya ni dunia, waqt ni wakati, khabar ni habari, mohabbat ni mahaba, maut ni mauti. Ile *Suhana Safar* ina safari na ina mausam, ambayo ni ndugu wa neno letu msimu.

Chukua *Lag Ja Gale*, kutoka *Woh Kaun Thi*, 1964, maneno ya Raja Mehdi Ali Khan, mahadhi ya Madan Mohan, sauti ya Lata. Mistari ya mukhda inaishia "ho na ho", yaani huenda ikawepo, huenda isiwepo. Kabla ya maneno hayo kuna kina: raat, mulaqat. Antara ya kwanza inaleta mistari miwili yenye kina chake kipya, naseeb se na qareeb se. Zisikilize hizo mbili: nasibu na karibu. Kisha mstari wa tatu unarudi nyumbani kwa baat, na antara ya pili inarudi kwa barsaat. Raat, mulaqat, baat, barsaat: usiku, kukutana, jambo, mvua. Kina kimoja kimeshikilia wimbo mzima, na kila kinapokaribia, mahadhi nayo yanaanza kushuka kurudi kwenye mukhda. Mshairi na mtunzi wanafika mlangoni pamoja. Aliyezoea vina vya kati na vya mwisho atauhisi mshuko huo kabla haujafika, hata kama hajui neno lingine la Kihindi.

Si kila wimbo unafuata njia. *Aaj Phir Jeene Ki Tamanna Hai*, wa *Guide*, 1965, S. D. Burman aliuanza kwa maneno ya namna ya antara, ndipo mukhda ikafuata. Ukiuweka mara ya kwanza utadhani umekatwa kichwa. Haujakatwa. Mwanamke aliye kwenye picha ameanza kujiona huru muda huohuo, na wimbo unaanza katikati ya mwendo.

Sasa nakala, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Adui wa kwanza ni nakala zilizoitwa "jhankar": kanda na diski ambazo juu ya wimbo wa zamani wamebandika ngoma za mashine. Fidla zinafunikwa, tabla haisikiki, na vile vipande vya kati vinakuwa kelele. Ziache kabisa.

Adui wa pili ni kasi. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini video za PAL, mmojawapo wa mifumo ya televisheni, hupiga 25. Wimbo uliotolewa kwenye video kama hiyo unakimbia kwa asilimia 4 na kupanda karibu theluthi mbili za nusu noti. Rafi anasikika kijana kupita kiasi na kinanda chako hakimpati, anakaa katikati ya funguo mbili. Pima kwa saa: wimbo wa dakika 3 na sekunde 20 utakuwa dakika 3 na sekunde 12. Ukiwa na programu kama Audacity, punguza kasi iwe asilimia 96 ya ilivyo, kasi na kimo cha sauti (juu au chini) pamoja, si kimojawapo. Hata hivyo usiidharau nakala ya filamu, kwa kuwa mara nyingine ina antara ambayo haikuenea kwenye santuri.

Na aliyerithi santuri zenyewe za mizunguko 78: sindano ya LP, zile santuri za baadaye za mizunguko 33, ina ncha ya takriban milimita 0.025, itazama mpaka chini ya mfereji na kuokota vumbi la miaka sitini. Inatakiwa ya milimita 0.065 hadi 0.075. Usisafishe kwa spiriti, inayeyusha sheli (shellac), ule utomvu mgumu ambao santuri hiyo imetengenezwa nao. Maji ya uvuguvugu, matone mawili ya sabuni laini, kitambaa kufuata mzunguko, lebo isilowe, kisha ikauke ikiwa imesimama. Lebo isomwe pia kwa makini. *Aayega Aanewala* ya *Mahal*, 1949, ilitoka kwanza ikiwa na jina la mwimbaji Kamini, ambalo ni jina la mhusika wa picha. Mwimbaji ni Lata.

Mwisho kuna zoezi la hapa kwetu. Juma Bhalo wa Mombasa aliimba taarabu nyingi za maneno ya Kiswahili juu ya mahadhi ya Kihindi. Tafuta wimbo wake mmoja ambao asili yake unaijua, viweke viwili hivyo kimoja baada ya kingine, na usimfuate Bhalo anapoimba. Subiri anyamaze. Sikiliza ni ala gani, katika kikundi cha watu wachache, imepewa kazi iliyofanywa Bombay na fidla ishirini.