Kamusi, Atlasi na Swali la Kamongo

Jumamosi, usiku.

Juzi Akinyi alifunga kamusi kwa kishindo akatangaza kwamba ni mbovu. Alikuwa ametafuta "mzuri" kwenye M, halipo. Akaenda kwenye V kutafuta "vikombe", nalo halipo. Ana miaka saba, na mwalimu amewaambia kuwa kamusi ina maneno yote.

Nilicheka, kisha nikaona mtoto hana makosa. Kamusi yenyewe ni yangu ya chuoni, nene, ya watu wazima. "Mzuri" limo, ila limekaa kwenye Z kama -zuri, kwa sababu hiyo m- huvuliwa na kuvaliwa: mzuri, kizuri, wazuri, vizuri. "Vikombe" liko chini ya kikombe, "wanacheza" liko kwenye C. Maana yake, kabla mtoto hajatafuta neno la Kiswahili inabidi kwanza alimenye kama ndizi. Hiyo ni ngeli na viambishi kwa mtu ambaye bado anang'oka meno! Kwa Kiingereza hana taabu hiyo. Neno la wingi kwa kawaida huongezewa herufi mkiani, kichwa kikabaki palepale. Ndiyo maana siamini kamusi ya watoto iliyochukuliwa mpangilio wa Kiingereza na kubandikwa maneno yetu juu.

Basi leo nimeshuka Oginga Odinga Street, hapa Kisumu, nikiwa na mtihani wangu mfukoni. Duka la kwanza nikapewa kamusi yenye jalada la kung'aa. Nikatafuta "furaha". Imeandikwa: hali ya kufurahi. Nikaenda "furahi". Imeandikwa: kuwa na furaha. Nikairudisha rafuni. Muuzaji akaniambia, "Mama, hii ndiyo inachukuliwa sana." Sikubishana naye. Duka la pili nikapata nyembamba zaidi, maandishi makubwa, kila nomino imeandikiwa wingi wake pembeni na sentensi moja ya mfano. Nikaipindua mgongo: kurasa zimeshonwa, si gundi tupu. Kitabu cha gundi hakimalizi muhula mikononi mwa Akinyi. Nikalipa, na VAT yake ya asilimia 16 iliyowekewa vitabu mwaka 2013, ambayo mpaka leo haijaniingia akilini.

Atlasi ndiyo ilinifunza adabu. Mwaka jana nilinunua moja ya mtumba kando ya barabara, rangi safi, bei ya kutupa. Kufika nyumbani, Kenya ina mikoa minane na Sudan ni nchi moja kubwa isiyo na mpasuko. Kumbe ilichapishwa kabla ya katiba ya 2010 kutuletea kaunti 47, na kabla Sudan Kusini haijajitenga mwaka 2011. Sikumlaumu kijana wa vitabu, mimi ndiye niliyeangalia rangi. Siku hizi naanza na ule ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, wenye mwaka wa chapa. Nikiwa na shaka natafuta Swaziland: tangu 2018 inaitwa Eswatini. Kwa vitabu vya anga naangalia kama Pluto bado ni sayari, ilhali iliondolewa mwaka 2006.

Ile ya zamani sijaitupa lakini. Jioni hii Akinyi ameilaza kando ya atlasi mpya, akapeleka kidole huku na huku, akauliza, "Mama, Nyanza ilienda wapi?" Tumekaa na hilo la mkoa wetu wa zamani karibu nusu saa. Halafu akauona mstari wa ikweta ukipita juu kidogo ya Kisumu, kwenye Maseno, akataka kujua kama ukiwa pale unauona chini. Amepita hapo mara kadhaa kwenye matatu, akiwa amelala.

Cha tatu, ensaiklopidia ya wanyama, nimeiacha dukani. Ni nzuri, picha zake karibu zikurukie, lakini imejaa pengwini na dubu. Nilienda moja kwa moja kwenye faharasa kumtafuta kamongo, kwa sababu Akinyi alimwona soko la Kibuye Jumapili iliyopita na tangu hapo hatupumui. Hayumo. Samaki mwenye mapafu, anayepanda juu kuvuta hewa, ambaye maji yakikauka anaweza kujichimbia matopeni akangoja mvua, na kitabu kizima cha maajabu ya wanyama hakina hata mstari wake! Kwa bei ile, hapana.

Kwa hiyo kesho tutampigia Dani, nyanya yake huko Nyakach, ambaye amewatoa matopeni kwa mikono yake. Akinyi ameshaandika swali daftarini, kwa kalamu ya rangi, asije akalisahau: "Dani, kamongo hupiga chafya?"