Bega Lililokuwa Sikioni

Nilikuwa juu ya pikipiki, nimebakiza kilomita 150 kati ya 400, shingo ilipokataa kugeuka. Nilitaka kulipita lori, nikajaribu kutazama nyuma, nikachomwa na kitu kama msumari wa moto kati ya shingo na bega la kulia. Nikaghairi. Nikalifuata lori lile na moshi wake mpaka nilipoona mti wenye kivuli kando ya barabara.

Kushuka tu ilikuwa kazi. Mguu niliuvusha juu ya siti kwa kuuburuta, nikasimama nimepinda kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi. Na enzi hizo nilikuwa najisifu kwamba naendesha saa tatu mfululizo bila kusimama! Ujinga wa ujana.

Chini ya mti alikuwepo mzee mmoja, pikipiki yake kuukuu pembeni, yeye kajilaza chali kwenye turubai. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinuka, akanikagua.

"Kijana, begi hilo lina nini?"

"Nguo, spana na kompyuta, mzee."

"Pikipiki ina keria. Mbona unabeba wewe?"

Sikuwa na jibu. Lilikuwa begi la kilo 10 hivi, limening'inia mabegani tangu alfajiri. Akainuka, akaniambia nipande tena injini ikiwa imezimwa, nikae vilevile ninavyokaa barabarani. Akanizunguka. Akanigusa kiwiko: kimenyooka kama fimbo. Akanigusa bega: lilikuwa karibu lifike sikioni, na mimi sina habari.

"Lishushe bega."

Nikalishusha. Maumivu yakalegea palepale, nikacheka peke yangu.

"Na mfuko wa nyuma?"

Pochi. Nene, imejaa risiti. Nilikuwa nimeikalia upande mmoja safari nzima, nyonga moja juu, nyingine chini, na uti wa mgongo ukilazimika kujipinda katikati.

Akaomba spana. Akalegeza boliti nne zinazobana usukani, akauvuta kidogo upande wangu, kisha akaukata kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, akichungulia kama kuna waya unaovutika. Hapo ndipo alipokaza. Vyuma vya kubana klachi na breki akaviinamisha kidogo, ili kiganja kiwe mstari mmoja na mkono badala ya kukunjika kwa juu.

"Bana tangi kwa magoti," akasema. "Usukani ushike kama kifaranga. Wewe unaunyonga."

Begi likafungwa kwenye keria, pochi ikaingia ndani yake. Nikatembeatembea kama dakika 20 nikizungusha mabega, ndipo nikaondoka. Nilishika 80 badala ya 100. Spidi ikiongezeka mara mbili, upepo hukusukuma mara nne, kwa hiyo hata kupunguza kidogo tu kifua kinapumua. Kila baada ya dakika 45 nilisimama, nisikie maumivu au nisisikie.

Sitadanganya kwamba nilifika mzima. Ganzi ya vidole iliondoka kesho yake. Na zikiwa zimebaki kama kilomita 30, ule msumari ulirudi. Nikajikagua: viwiko vimelegea, magoti yamebana tangi. Bega lilikuwa limepanda tena sikioni.